UZI: Riwaya za kisayansi zilizotuzwa tunazisoma mbili mbili, ndugu watatu kwa nakala moja

Mwanzisha uzi (Buruburu)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Kila mtu anapouliza humu aanzie wapi kusoma riwaya za kisayansi za zamani, hujibiwa kwa orodha ya washindi wa tuzo, kuanzia Dune hadi Neuromancer, kisha watu hutawanyika kana kwamba swali limejibiwa. Sina ugomvi na orodha hiyo. Nisichokubaliana nacho ni kuisoma kwa kufuata miaka, mshindi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu msomaji wa namna hiyo hukosa jambo la maana zaidi, ambalo ni kwamba vitabu hivyo vinabishana. Kwa hiyo mimi, kaka yangu na mdogo wetu tunavisoma viwili viwili, tukichagua kwa makusudi vile visivyopatana, na ubishi wenyewe tunaumalizia mezani kwa mama siku za Jumapili. Kwa kazi kama hiyo sijaona wasomaji wanaofaa kuwashinda watu waliolelewa nyumba moja, ambao hawaoneani haya na wanajuana udhaifu.

Kwanza tuelewane kuhusu tuzo zenyewe. Hugo ilianza kutolewa mwaka 1953 na ilipewa jina la Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926. Haitolewi na jopo la maprofesa. Hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la kila mwaka la wapenzi wa fani hii, yaani wasomaji waliolipa ada yao. Nebula ilianza na vitabu vya mwaka 1965, nayo wapiga kura wake ni waandishi wenyewe. Kwa hiyo tuzo hizi hutuonyesha ni kitu gani kiliwagusa watu fulani, wengi wao Wamarekani, katika mwaka fulani, na hakuna sababu ya watu hao kuwa na msimamo mmoja daima. Mwaka 1960 Hugo ilikwenda kwa Robert Heinlein kwa Starship Troopers. Mwaka 1976 ikaenda kwa Joe Haldeman kwa The Forever War, ambayo wasomaji wengi huiona kuwa jibu kwa kitabu hicho cha kwanza.

Hiyo ndiyo jozi iliyotuwasha. Heinlein alikuwa afisa wa jeshi la majini aliyeachishwa kazi mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu, na katika riwaya yake haki ya kupiga kura ni ya yule tu aliyemaliza muda wa kulitumikia taifa kwa hiari yake. Haldeman yeye alipelekwa Vietnam na akajeruhiwa huko. Askari wake, Mandella, husafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kwa hiyo miezi yake michache huwa miongo ya watu waliobaki Duniani, na kila arudipo hukuta nyumbani si kwao tena. (Asiyependa kuelezwa mwisho wa kitabu kabla ya kukisoma aruke sentensi inayofuata.) Vita hivyo vinachukua zaidi ya miaka elfu moja, kisha inabainika kwamba vilianza kwa sababu pande mbili hazikuelewana tu.

Kaka yetu, kifungua mimba, ni mhandisi wa mitambo na mtu wa nidhamu, na alimtetea Heinlein kwa nguvu zote: anayetaka kuamua mambo ya nchi na aonyeshe kwanza kwamba yuko tayari kubeba mzigo wake. Mdogo wetu, anayesomea uuguzi, alimwacha amalize, kisha akamuuliza kuhusu askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Hao walibeba mzigo wa dola ambayo haikuwa yao. Je, waliporudi walipewa kura? Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1957, miaka kumi na miwili baada ya vita kwisha, na hata hapo kwa masharti ya elimu, kipato na mengineyo. Kaka alijibu kwamba hilo linaihukumu serikali ya kikoloni, haliihukumu kanuni ya Heinlein. Mimi naona linaihukumu kanuni pia, kwa kuwa Heinlein anachukulia kwamba anayepokea utumishi wa askari atatimiza ahadi yake, na riwaya nzima haina mahali ambapo jambo hilo linatiliwa shaka. Mpaka leo hatujakubaliana.

Utaratibu wetu ni kwamba kitabu huwa nakala moja, ambayo huzunguka, na kila mmoja huandika pambizoni kwa kalamu yake: kaka kwa penseli, mimi kwa wino wa buluu, mdogo wetu kwa wa kijani. Nakala yetu ya The Man in the High Castle ya Philip K. Dick, iliyopata Hugo mwaka 1963, tuliinunua kwa muuza vitabu kuukuu wa kando ya barabara, jalada la nyuma likiwa limebanduka. Humo Ujerumani na Japani ndizo zilizoshinda Vita Vikuu vya Pili, na mapema kabisa, katika sura ya kwanza, mwandishi anatufahamisha kwa mistari michache kwamba Wajerumani wamekwisha kuwaangamiza watu wa Afrika. Kisha hadithi inaendelea na wauzaji wa vitu vya kale huko San Francisco. Pambizoni pana wino wa kijani: «Kwa hiyo sisi hatupo?» Chini yake penseli: «Soma kwanza.» Chini yake, kwa mkono wangu: «Nimesoma. Tunatajwa tu.»

Naomba kusikia kutoka kwa wengine wanaosoma na ndugu zao. Mnachaguaje vitabu, na mkishindwa kuelewana mnafanyaje?

Mkazi wa Rongai

Nakushukuru, dada, kwa uzi wenye nyama. Nina pingamizi moja, lakini. Mmegeuza kila kitabu kuwa siasa. Mimi nilivutwa katika fani hii na Arthur C. Clarke nikiwa shule ya upili, na kilichonivuta ni sayansi: ukubwa wa vitu, hesabu zake, na ule mshangao wa kuona kitu ambacho hakuna binadamu aliyekitengeneza. Je, katika jozi zenu kuna nafasi ya kitabu ambacho hakibishani na mtu yeyote? Na ukiweza, tuambie pia vitabu hivi mnavitoa wapi, maana bei za madukani zinatisha.

Mwanzisha uzi

Nianze na lililo jepesi. Karibu vyote ni vitabu vya mitumba, vya katikati ya mji, na kwa vile vimepitia mikono mingi havitulazimu kuviogopa tunapoviandika. Clarke na Asimov hawakosekani. Le Guin na Butler ni wa kutafutwa, na aghalabu mwenye meza humwambia mtu arudi wiki ijayo. Dune ilitupatia kicheko chake: baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini, ilichapishwa mwaka 1965 na kampuni ya Chilton, iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengenezea magari, na kaka akasema kwamba basi tungeitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga.

Kuhusu Clarke, hapo umemgusa kaka mwenyewe. Rendezvous with Rama ya mwaka 1973 ilipata Hugo na Nebula, na kwa kweli haibishani na mtu. Chombo kirefu kiasi cha kilomita 50, chenye umbo la mtungi, kinaingia katika mfumo wa jua. Wanaanga wanaingia ndani, wanatazama, wanapima, na chombo kinaondoka zake bila hata kujali kwamba kulikuwa na wageni. Mdogo wetu alilalamika kwamba Kapteni Norton na wenzake hawana nyuso, kwamba ukibadilisha majina yao hakuna litakaloharibika. Ni kweli. Ila mimi nadhani Clarke hakuhitaji nyuso, kwa kuwa kitabu hicho kinatupunguza makusudi, na mhusika mwenye makeke angelifunika lile dude.

Kitabu kilichotukalisha muda mrefu zaidi ni The Fountains of Paradise, kilichotoka mwaka 1979 na kushinda tuzo zote mbili. Mhandisi anataka kujenga lifti ya kupanda hadi angani kwa kebo itakayofika kwenye obiti (njia ya kuzunguka dunia) ya setilaiti zisizohama juu ya mahali pamoja, kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi, na obiti hiyo haiwezi kuwa kwingine ila juu ya ikweta. Clarke, aliyeishi Sri Lanka tangu mwaka 1956, alikisogeza kisiwa hicho kusini mpaka kikafika kwenye ikweta, ndipo hadithi ikawezekana. Kaka alipofika hapo aliweka kitabu chini akauliza kwa nini ahamishe kisiwa kizima ilhali sisi tuna Nanyuki. Kisha akatueleza habari ambayo mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa naijua nusu nusu: kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kwamba ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Waitalia walichagua pwani ile kwa sababu karibu na ikweta ardhi huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Kwa hiyo, ndugu wa Rongai, hata hesabu zako zimeishia kutuonyesha tulipo. Hatukuitafuta siasa humo. Tulichotafuta ni ikweta.

Kitinda mimba

Mimi ndiye mwenye wino wa kijani, na naomba wanajukwaa wanisamehe kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Dada, umeeleza vizuri, ila umeiruka jozi ambayo sote watatu tuliisoma kwa uzito kuliko zote, nayo ni Flowers for Algernon ya Daniel Keyes na Ender's Game ya Orson Scott Card. Cha kwanza kiligawana Nebula na Babel-17 ya Samuel Delany, kwa vitabu vya mwaka 1966. Cha pili kilipata Nebula kwa mwaka 1985 na Hugo mwaka 1986. Nilizipendekeza pamoja kwa sababu katika vyote viwili mtu anabadilishwa na wakubwa wenye nia njema kwa faida ambayo si yake, na ndugu zake wapo hapo wanatazama.

Charlie Gordon ana umri wa miaka 32, anafanya kazi katika duka la mikate, na madaktari wanataka kumpasua ili akili yake iongezeke. Wengi humkumbuka panya Algernon na zile ripoti ambazo maandishi yake yanabadilika kadiri Charlie anavyoerevuka. Mimi nilisimama kwenye swali la kibali. Darasani tunafundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kuelewa hatari ya upasuaji lazima awe na mtu wa kumsemea, na katika riwaya hii kibali kinatolewa na Norma, dada yake, ambaye wametengana tangu utotoni. Baadaye tunaambiwa Norma alikuwa mtoto wa namna gani: alipata alama ya A shuleni, akadai mbwa aliyeahidiwa, na aliposikia kwamba Charlie atasaidia kumtunza akakataa kushirikiana naye, hata akamkosa mbwa mwenyewe. Kaka alisema Norma ni mbaya. Mimi nilisema ni mtoto aliyechoka kuwa dada wa mtu anayechekwa na mtaa mzima, na kwamba Keyes analijua hilo, ndiyo sababu anapowakutanisha wakiwa watu wazima Norma ndiye anayemuuguza mama yao aliyepotewa na kumbukumbu, na anafurahi kumwona Charlie. Mwandishi mwepesi angemwacha awe adui.

Katika Ender's Game ndugu wenye kunivutia ni wale wawili waliobaki nyumbani, Peter na Valentine. Wangali watoto, wanaanza kuandika kwenye mtandao kwa majina ya bandia, Locke na Demosthenes, mpaka serikali zinawasikiliza. Lililo tamu ni kwamba Valentine, aliye mpole, ndiye anayepewa kuandika kwa ukali, na Peter mkatili ndiye anayejifanya mwenye busara. Dada, hebu waeleze wanajukwaa ni nani kati yetu angekuwa Demosthenes.

Mwalimu wa Kiswahili, Kikuyu

Nimeufuata uzi huu kwa furaha, na nina mambo mawili ya kuchangia.

La kwanza ni kwamba mmeizunguka kazi moja ambayo Mnairobi hapaswi kuikwepa. Mwaka 1989 Hugo ya hadithi fupi ilikwenda kwa Mmarekani Mike Resnick kwa hadithi iitwayo Kirinyaga, ambayo baadaye iliunganishwa na nyingine zikawa kitabu kimoja mwaka 1998. Wakikuyu wamehamia ulimwengu mdogo uliotengenezwa kwa ajili yao, waishi kama walivyoishi kabla ya wazungu kuja, na mundu mugu (mganga) wao, Koriba, anamuua mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu kwa kuwa mila, kwa maelezo yake, inaamuru hivyo. Je, mmeisoma? Na je, mnaona ni haki kwamba mgeni anapotutungia siku za usoni anatupeleka nyuma?

La pili: mnapofika kwa Ursula Le Guin na The Dispossessed, msikitafutie mwenzake katika orodha ya Hugo. Mwenzake yuko hapa kwetu. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anarushwa kwa chombo kinachotarajiwa kuwa kaburi lake, naye anatua katika jamii isiyo na unyonyaji. Hakuna kongamano la Marekani lililoipigia kura, na wengi wetu tulikutana nayo chuoni tu, lakini swali lake ni lile lile la Le Guin: je, jamii isiyo na unyonyaji inawezekana?

Mwanzisha uzi

Nimjibu kwanza mdogo wangu: Demosthenes ni wewe, na kaka anaafiki, jambo ambalo ni nadra.

Mwalimu, Kirinyaga tuliisoma, na ilikaribia kutuharibia chakula cha mchana. Mdogo wetu aliikataa kabisa kwa sababu uliyoitaja, kwamba kati ya siku zote za usoni zinazowezekana kwa watu wetu, iliyotuzwa ni ile ya kurudi kwenye kibanda. Kaka alisema hadithi inamlaani Koriba. Hapo mimi nilisimama upande wa kaka kwa nusu ya njia. Msimulizi ni Koriba mwenyewe, msomi aliyezijua nchi za Magharibi kabla ya kuzikataa, na kadiri anavyojitetea ndivyo msomaji anavyoona kwamba anachokilinda ni mamlaka yake zaidi ya mila. Hiyo ni kazi ya mwandishi anayejua anachofanya. Hata hivyo msomaji wa Chicago asiyemjua Mkikuyu mwingine yeyote hana cha kumlinganisha Koriba nacho, na sisi tunaye shangazi aliyezaliwa akitanguliza miguu, ambaye ndiye huendesha chama chao cha akina mama huko Limuru. Ningeipendekeza isomwe, lakini isisomwe peke yake.

Walenisi ilikuwa rafuni kwa kaka tangu siku zake za chuo, na kwa sababu ya uzi huu tumeisoma upya sambamba na The Dispossessed, iliyotoka mwaka 1974 na kupata tuzo zote mbili. Umetuelekeza vyema. Nitakuwa mkweli kwamba kisanaa Le Guin ananishika zaidi, kwa kuwa haiamini kikamilifu nchi aliyoiumba. Anarres, ndiyo nchi hiyo, haina mali ya mtu binafsi wala serikali, lakini Shevek, mhusika mkuu, akiwa mtoto anakaripiwa darasani kwa kutoa wazo lake mwenyewe, na ukame unapokuja anatenganishwa na mwenziwe Takver na mtoto wao kwa miaka minne, bila askari yeyote kumlazimisha, kwa shinikizo la aibu tu. Mkangi anahubiri pale ambapo Le Guin anashuku. Mdogo wetu ananipinga: anasema mtu aliyetoka kizuizini ana haki ya kuchora nchi njema bila kuitoboa matundu, na kwamba shaka ya Le Guin ni ya mtu aliyeandika akiwa salama Oregon. Sikuwa na jibu la haraka, na bado ninalitafuta.

Jozi inayofuata tumekwisha kuichagua: A Canticle for Leibowitz ya Walter Miller, iliyopata Hugo mwaka 1961, na Parable of the Talents ya Octavia Butler, iliyopata Nebula ya mwaka 1999. Miller alishiriki katika kuibomu abasia ya Monte Cassino, nyumba ya watawa huko Italia, wakati wa vita, kisha akaandika kuhusu watawa wanaotunza mabaki ya elimu baada ya dunia kuungua, yakiwemo maandishi ya mtu aliyekuwa akienda kununua nyama na mikate. Kwake dini ndiyo inayohifadhi. Butler anaonyesha kanisa linalowafunga watu na kuwanyang'anya watoto, na humo yumo Marcus, mhubiri, ambaye anamficha dada yake jambo ambalo ndugu hapaswi kumficha ndugu. Kaka anataka tuanze na Miller. Mdogo wetu anashikilia kwamba Talents haieleweki bila kusoma kwanza Parable of the Sower, kitabu kinachoitangulia, na kwa kuwa nakala ya Sower iko mkononi mwake na amekataa kuitoa, ndiyo tutakayoanza nayo. Mwenye nakala ya Miller asiyeihitaji kwa sasa naomba anitumie ujumbe.